Shakespeare Documented: makaratasi ya Shakespeare, bure, kwenye simu yako

Mwalimu wa Fasihi akishafungua tamthilia ya Shakespeare mbele ya Senior Five, maswali ya kwanza huwa hayahusu tamthilia. Yanamhusu mtu mwenyewe. Ni kweli aliandika yeye? Kwa nini mkewe aliachiwa kitanda, tena si kile kizuri? Ile miaka saba alikuwa wapi? Majibu mengi yanayozunguka kwenye WhatsApp ni ya kuokota, na husemwa kwa uhakika unaotisha. Tovuti ya Shakespeare Documented ndiyo mahali pa kuyapimia. Unawekewa mbele karatasi yenyewe ya miaka 400 iliyopita, unasomewa kilichoandikwa, halafu unaachiwa uamue. Ukiizoea, unaanza kutenganisha lililoandikwa na lililodhaniwa, na kwa habari za mtu huyu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Hukumu yetu tuitoe mapema: kwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au mpenzi yeyote wa tamthilia anayesoma Kiingereza bila taabu, hiki ni chombo cha lazima. Kasoro zipo, na zinamuuma zaidi anayelipia MB zake mwenyewe. Tutazifikia.

Kilichomo

Tovuti hii ilifunguliwa mwaka 2016, miaka 400 baada ya kifo cha Shakespeare. Inaongozwa na Folger Shakespeare Library ya Washington, ikishirikiana na British Library, Bodleian ya Oxford, The National Archives ya Uingereza na Shakespeare Birthplace Trust ya Stratford-upon-Avon. Hati za Shakespeare zimetawanyika katika maktaba na hifadhi nyingi, hapa zimekutanishwa. Kuna madaftari ya kanisa, hati za nyumba na mashamba, kesi, orodha za kodi, wosia, vitabu vya kwanza vilivyochapwa, na maandishi ya watu wa wakati wake waliomtaja kwa mema au kwa mabaya.

Kila hati ina ukurasa wake. Juu kuna picha, chini kuna maelezo ya mtaalamu aliyetia jina lake, na kwa hati nyingi zilizoandikwa kwa mkono kuna unukuzi wa aina mbili: mmoja unafuata tahajia ya zamani herufi kwa herufi, mwingine umeandikwa kwa tahajia ya leo. Namba ya kumbukumbu ya hati imewekwa pia, na hiyo ni mali kwa anayeandika tasnifu Makerere au Kyambogo, kwa sababu anaweza kuinukuu hati yenyewe badala ya kunukuu mtu aliyemnukuu mtu.

Ukiwa na bando dogo

Picha zimepigwa kwa ubora wa juu sana. Ukianza kuvuta na kukuza kila picha kwenye simu, bando la siku litaisha kabla hujatoka kwenye ubatizo. Utaratibu unaofaa ni wa kinyume: soma kwanza maelezo, kisha unukuzi wa tahajia ya leo, maana hayo ni maandishi matupu na hayali MB nyingi. Ukishajua unatafuta mstari gani, hapo ndipo uifungue picha na kukuza sehemu hiyo tu. Kwa darasa, ingia mahali penye Wi-Fi, fungua kurasa unazozihitaji, kisha kwenye menyu ya kivinjari chagua kuchapisha na uhifadhi kama PDF. Faili hilo utalifungua hata siku mtandao umelala.

Katika kutafuta, usiandike jina la Shakespeare. Kila ukurasa unalo, kwa hiyo litakuletea kila kitu. Andika jina la mtu wa pili katika hati: Quiney, Mountjoy, Replingham, Lambert. Utafika moja kwa moja.

Viungo vinavyokutoa nje ya tovuti kuelekea British Library vinaweza kugoma. Maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023 na huduma zake nyingi za hati za kidijitali zikaanguka. Kiungo cha namna hiyo kikikataa, rudi kwenye ukurasa wa Shakespeare Documented wenyewe.

Ukitaka kuchapisha kwenye maduka ya Wandegeya au Nasser Road, epuka nyeusi na nyeupe. Wino wa hati hizi umekuwa wa kahawia na karatasi au ngozi imegeuka manjano. Mashine ya nyeusi na nyeupe huvigeuza vyote kijivu na maneno hupotea. Lipia rangi, na kwa wosia chukua A3, kwa sababu mistari yake ni mirefu na kwenye A4 huwa midogo kama chawa.

Mwandiko, tarehe na fedha

Hapa ndipo watu hujikwaa, na tovuti haielezi vya kutosha kwa anayeanza.

Mwandiko wa makarani wa enzi hizo una herufi zinazodanganya. Herufi e huandikwa kama imegeuzwa kichwa chini. Mkia wa h hushuka chini ya mstari. Herufi s iliyo mwanzoni au katikati ya neno ni ndefu na inafanana na f, ndiyo maana wanafunzi husoma vitu vya ajabu. U na v hubadilishana nafasi, vivyo hivyo i na j. Mstari mdogo uliokatisha mkia wa p ni ufupisho wa "per" au "par". Hili la mwisho lishike vizuri, litarudi kwenye saini.

Tarehe nazo zina mtego. Uingereza ya wakati huo ilianza kuhesabu mwaka mpya tarehe 25 Machi. Kwa hiyo daftari la Stratford linaandika kwamba mapacha wa Shakespeare, Hamnet na Judith, walibatizwa tarehe 2 Februari 1584, na sisi tunasema 1585. Hakuna aliyekosea. Kila ukiona Januari, Februari au Machi kabla ya tarehe 25, ongeza mwaka mmoja. Asiyejua hilo hupata familia ambayo mambo yake yanatokea kabla ya wakati, na hapo ndipo baadhi ya "siri" zinazosambazwa huzaliwa.

Fedha ni rahisi kwa anayekumbuka shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ishirini kwa pauni. Peni zilikuwa kumi na mbili kwa shilingi. Kwenye hati, "li" ni pauni, "s" ni shilingi, na "d" ni peni.

Ubatizo na ndoa

Anza na ukurasa wa daftari la kanisa la Holy Trinity: 26 Aprili 1564, kwa Kilatini, William mtoto wa John Shakspere. Pembeni kuna alama tatu za msalaba zilizotiwa baadaye na mtu aliyejua thamani ya mstari huo. Ukitazama vizuri utagundua kwamba mwandiko ni mmoja kurasa nyingi mfululizo. Sababu ni kwamba hii ni nakala: karibu mwaka 1600 makanisa yaliagizwa kuhamishia madaftari yao ya karatasi kwenye ngozi, na karani akayanakili yote. Siku ya kuzaliwa haimo. Tarehe 23 Aprili tunayoisherehekea ni makadirio, yamependwa zaidi kwa kuwa alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 1616.

Ndoa ina karatasi mbili zinazogongana, na tovuti imezionyesha zote mbili. Daftari la askofu wa Worcester la 27 Novemba 1582 limeandika kibali cha ndoa kati ya Shaxpere na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, hati ya dhamana ya pauni 40 inamtaja Shagspere na Anne Hathwey wa Stratford. Je, walikuwako wanawake wawili? Kuna waliotunga mkasa mzima wa mapenzi kutokana na mistari hiyo. Jibu lililo karibu zaidi ni uchovu wa karani: siku hiyohiyo alikuwa akishughulikia kesi ya mtu mwingine aitwaye Whateley, na jina likamponyoka kalamuni. Msomaji yeyote ambaye kitambulisho chake kina Mohamed, cheti cha shule kina Muhammad na hati ya kiwanja ina Mohammed ataelewa bila kuelezwa.

Dhamana yenyewe waliiweka wakulima wawili wa Stratford, Fulk Sandells na John Richardson, ili ndoa itangazwe kanisani mara moja badala ya mara tatu. Waumini wa Church of Uganda wanaujua utaratibu wa Jumapili tatu, na wanajua pia kwa nini mtu huomba uharakishwe. Susanna alibatizwa 26 Mei 1583, miezi sita baadaye.

Miaka iliyopotea

Baada ya ubatizo wa mapacha, kimya. Anayeitafuta miaka ya 1585 hadi 1592 kwenye tovuti hii atakuta pengo, na ni vizuri kwamba pengo limeachwa likionekana. Kitu kimoja kipo: kesi ya mwaka 1588 ambamo wazazi wake, pamoja naye, wanadai mali ya Wilmcote iliyowekwa rehani kwa Edmund Lambert kwa pauni 40. Jina lake limo, ila kutajwa kwenye kesi ya wazazi hakusemi mtu yuko wapi wala anakula nini.

Halafu ghafla, mwaka 1592, kijitabu kilichotolewa kwa jina la Robert Greene, mwandishi mwenzake wa tamthilia, kinamrushia maneno: kunguru wa juzijuzi aliyejipamba kwa manyoya yetu, mwenye moyo wa chui milia ndani ya ngozi ya mwigizaji, anayejiona peke yake ndiye "Shake-scene" wa nchi nzima. Maneno ya chui yamegeuzwa kutoka sehemu ya tatu ya Henry VI. Kwa hiyo alipotukanwa alikuwa tayari ana tamthilia inayojulikana kiasi cha watu kuielewa kejeli.

Waliojaza pengo ni wengi. Wosia wa Alexander Hoghton wa Lancashire, mwaka 1581, unamtaja mtumishi aitwaye William Shakeshafte, na kuna wasomi waliomtambua Shakespeare humo. John Aubrey, akiandika miongo mingi baada ya kifo, alisimuliwa kwamba aliwahi kuwa mwalimu wa shule huko mashambani. Hadithi kwamba aliwinda kwa wizi paa, yule mnyama, katika shamba la tajiri ilichapwa na Nicholas Rowe mwaka 1709. Mwalimu afanye hivi: aandike ubaoni mwaka wa kila ushahidi na umbali wake kutoka tukio lenyewe. Wanafunzi wataona wenyewe ipi ni hati na ipi ni masimulizi.

Kesi ya mahari

Ukiwa na muda wa hati moja tu, ifungue hii. Tarehe 11 Mei 1612 Shakespeare alitoa ushahidi katika kesi ya Stephen Bellott dhidi ya baba mkwe wake, Christopher Mountjoy, fundi wa mapambo ya kichwa ya wanawake aliyeishi Silver Street, London. Kule anayetoa mali ni upande wa binti, na Bellott alidai aliahidiwa pauni 60 ambazo hakupewa. Shakespeare alikuwa amepanga kwa Mountjoy miaka ile, na mama wa binti alimwomba amshawishi kijana aoe. Akamshawishi. Sasa mahakama inamuuliza: iliahidiwa kiasi gani? Anajibu kwamba ahadi ilikuwepo, kiasi hakikumbuki.

Hakuna hati nyingine inayomleta karibu namna hii. Mshenga mzima, aliyeweka maneno vinywani mwa wafalme, anasimama mbele ya karani na kusema amesahau kiasi. Karatasi hizi zililala bila kujulikana hadi Charles na Hulda Wallace, mume na mke kutoka Marekani, walipozifukua katika hifadhi ya serikali London mwaka 1909.

Chini kuna saini yake, imefupishwa: Willm Shakp, mkia wa p umekatishwa mstari, ule ufupisho wa "per" tuliouona. Saini zinazokubalika bila ubishi ni sita: hii moja, mbili za ununuzi na rehani ya nyumba ya lango la Blackfriars za 10 na 11 Machi 1613, na tatu za wosia. Nyumba ilinunuliwa kwa pauni 140, sitini zikabaki rehani. Zipange saini hizo sita pamoja na utaona hakuna mbili zilizolingana tahajia sawasawa. Wanaosema hakujua kuandika hutegemea hapa, na hapa ndipo hoja yao inapovunjika: tahajia haikuwa imekazwa kwa mtu yeyote wakati huo, na ufupisho ni tabia ya mtu aliyezoea kalamu. Asiyejua kuandika alitia alama, kama baba yake John alivyofanya, na kama dole gumba linavyotiwa leo kwenye makubaliano ya kibanja mbele ya mwenyekiti wa LC1.

Siwezi au hawezi?

Siri nyingine hazitangazwi sana, na hii ya Welcombe inastahili. Mwaka 1614 matajiri walitaka kuzungushia uzio mashamba ya Welcombe, karibu na Stratford, wayageuze malisho ya kondoo. Mji ulipinga. Shakespeare alikuwa na maslahi: mwaka 1605 alikuwa amelipa pauni 440 kununua haki ya kukusanya sehemu ya zaka za eneo hilo. Tarehe 28 Oktoba 1614 alitia mkataba na William Replingham, ambaye aliahidi kumfidia hasara ikitokea. Karani wa mji, Thomas Greene, aliyemwita Shakespeare binamu, aliandika kumbukumbu za mgogoro wote.

Septemba 1615 Greene anaandika mstari mmoja: Mr Shakespeare alimwambia J. Greene (ndugu wa karani huyu) kwamba mimi sikuweza kuvumilia uzio wa Welcombe. Nani huyo "mimi"? Kwa Kiingereza ni herufi moja iliyosimama peke yake, na wakati huo i na j zilikuwa herufi moja. Kama ni Greene anajisema mwenyewe, kwa nini Shakespeare akampe ndugu yake habari hiyo, na kwa nini Greene aione inafaa kuandikwa? Kama kalamu iliteleza na alikusudia "yeye", basi tuna Shakespeare anayewahurumia wakulima. Wengine husoma kwamba kitenzi si "kuvumilia" bali "kuzuia". Mswahili hupata faida hapa, maana tofauti yote inakaa kwenye kiambishi: sikuweza, hakuweza. Badilisha silabi moja na mtu anakuwa mwingine. Katika nchi ambayo migogoro ya ardhi hujaza mahakama, huu ndio ukurasa utakaowaamsha wanafunzi wa nyuma darasani.

Sisi tunasoma kama ilivyoandikwa, "mimi", na mkataba wa Replingham unatosha kueleza kwa nini Shakespeare alikaa kimya.

Wosia

Karatasi tatu, kila moja imetiwa saini, tarehe 25 Machi 1616. Neno Januari limekatwa na juu yake pakaandikwa Machi. Kati ya miezi hiyo miwili Judith aliolewa na Thomas Quiney, tarehe 10 Februari, na siku moja tu baada ya wosia Quiney alikiri mbele ya mahakama ya kanisa kwamba alizaa na Margaret Wheeler, ambaye alikuwa amezikwa pamoja na mtoto tarehe 15 Machi. Sasa kuza karatasi ya kwanza: maneno "mkwe wangu" yameanza kuandikwa, yakakatwa, na badala yake pakawekwa "binti yangu Judith". Hakuna maelezo. Mstari uliokatwa unatosha.

Nyumba kubwa ya New Place na sehemu kubwa ya mali ilikwenda kwa Susanna. Judith alipewa pauni 150 na nyingine 150 kwa masharti. Dada yake Joan alipewa pauni 20, nguo zake, na haki ya kukaa nyumba ya Henley Street maisha yake yote kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Maskini wa Stratford pauni 10.

Kitanda kimo kwenye karatasi ya tatu, kimebanwa kati ya mistari miwili: kwa mke wangu, kitanda changu cha pili kwa ubora pamoja na vifaa vyake. Kwamba kiliongezwa baadaye ni hakika, unaona kwa macho. Kwamba ni dharau, si hakika. Wapo wanaosema mjane alikuwa na haki yake hata bila kutajwa, na wapo wanaosema kitanda bora kilikuwa cha wageni, cha pili ndicho cha mume na mke. Yote ni makisio. Kwenye karatasi ya pili kuna nyongeza nyingine kati ya mistari ambayo husahauliwa: shilingi 26 na peni 8 kila mmoja kwa John Hemmings, Richard Burbage na Henry Condell, waigizaji wenzake, wanunue pete za kumkumbuka.

Na vitabu je? Wosia hauvitaji, na wanaomkana hushangilia. Tazama mwisho wa wosia, kwenye Kilatini cha kuthibitishwa kwake mahakamani: kuna dokezo kwamba orodha ya mali iliwasilishwa. Vitabu, kama vilikuwepo, vingekuwa kwenye orodha hiyo, na orodha imepotea.

Aliandika yeye?

Tovuti haibishani na mtu. Inaweka karatasi na kunyamaza, na hapa tungependa iseme kidogo zaidi, kwa sababu mwanafunzi asiyejua mpangilio hataunganisha mnyororo. Mnyororo ni huu. Mwaka 1598 Francis Meres alichapa orodha ya tamthilia 12 za Shakespeare, ikiwemo ile ambayo wasomaji wetu wanaijua kama Mabepari wa Venisi katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, mwanafunzi wa zamani wa Makerere. Katika kurasa hizohizo Meres anamtaja Edward, Earl wa Oxford, ambaye baadhi ya wanaomkana Shakespeare hudai ndiye mwandishi, kama mtu mwingine tofauti. Hesabu za burudani za ikulu za 1604 na 1605 zina safu ya waandishi, na humo limeandikwa "Shaxberd". Ralph Brooke, akilalamikia nembo za ukoo zilizogawiwa ovyo mwaka 1602, alichora nembo ya familia na kuandika chini yake Shakespear, mwigizaji. Wosia wa mtu wa Stratford unawapa pete Hemmings na Condell. Na mwaka 1623 Hemmings na Condell haohao wanatoa kitabu kikubwa cha tamthilia 36, ambazo 18 hazikuwa zimechapwa kabla, wakisema ni za rafiki yao.

Earl wa Oxford alifariki Juni 1604, kabla ya Macbeth na Tufani. Christopher Marlowe, mwandishi mwingine wa tamthilia anayetajwa badala yake, aliuawa 30 Mei 1593. Vitabu vya kumkana Shakespeare kwa nguvu vilianza miaka ya 1850, zaidi ya karne mbili baada ya mazishi yake. Wa wakati wake, hata maadui, hawakuwa na shaka hiyo.

Siri ya kweli iliyobaki ndani ya Meres ni tamthilia iitwayo Love's Labour's Won. Imetajwa na Meres, na ikatajwa tena kwenye orodha ya muuza vitabu ya mwaka 1603 iliyogunduliwa 1953. Nakala haijaonekana. Huenda ni jina la pili la tamthilia tunayoijua, huenda imepotea kabisa.

Kurasa tatu za mkono wake

Usiondoke bila kufungua hati ya tamthilia ya Sir Thomas More, iliyoko British Library. Imeandikwa kwa mikono kadhaa, na kurasa tatu za mwandiko unaoitwa Mkono D zinaaminiwa na wasomi wengi kuwa za Shakespeare mwenyewe. Alama za mkato ni chache, maneno yamekatwa na kuandikwa upya, mtu anafikiri akiandika. Kinachosemwa humo ni hotuba ya More kwa wenyeji wa London waliotaka kuwafukuza wageni mwaka 1517: wafikirieni hao watu na watoto wao mgongoni wakielekea bandarini, halafu fikirini ninyi mkifukuzwa, ni nchi gani itawapokea? Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Hotuba hiyo inaweza kusomwa kwa sauti Nakivale au Bidi Bidi bila kubadilisha neno.

Inapopungukiwa

Kiingereza ndiyo lugha pekee, na maelezo yameandikwa kwa msomaji aliyesoma sana. Mtoto wa Senior Two hawezi kupewa peke yake. Hakuna njia ya kuongozwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeingia bila swali hupotea kati ya orodha za kodi. Tamthilia zenyewe kwa ukamilifu usizitafute hapa. Hizo zipo kwenye tovuti kuu ya Folger, bure, unaweza kuzipakua kama PDF kwa matumizi yasiyo ya biashara, mistari ikiwa na namba, na faili za maandishi matupu ni nyepesi hata kwa simu ya zamani.

Kwa kipindi kimoja cha dakika 80, hati nne zinatosha: ukurasa wa ubatizo, karatasi ya ushahidi wa 1612, karatasi ya tatu ya wosia, na barua ya Richard Quiney ya 25 Oktoba 1598 akiomba mkopo wa pauni 30. Hiyo ndiyo barua pekee iliyosalia ambayo Shakespeare aliandikiwa, na ilikutwa kati ya makaratasi ya Quiney mwenyewe, kwa hiyo inaelekea haikumfikia. Chapisha kila moja kwa rangi, nakala moja kwa wanafunzi watano, na unukuzi wa tahajia ya leo uuweke kwenye karatasi tofauti. Wape picha kwanza. Unukuzi ubaki mezani kwako kwa dakika kumi za mwanzo, mpaka mtu wa kwanza alitambue jina.